Kupiga Picha Milima ya Vidunda

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni, nayo yachapwa hapa kwa ombi lao)



Kwanza natoa shukrani zangu kwa Halmashauri ya Chama kwa kunipa heshima ya kusimama mbele yenu jioni hii. Nilipoulizwa nitanena habari gani, nilijibu ya kuwa nitanena habari ya kupiga picha milima. Ndugu mmoja alicheka akasema, "Mlima haukimbii wala haufumbi macho, kuna kazi gani kuupiga picha?" Hotuba yangu yote ni jibu la swali lake. Na kwa kuwa gazeti letu hurudufiwa kwa karatasi ya nta, wala haliwezi kuchapa picha, yanipasa kuwaonyesha milima kwa maneno matupu. Mniwie radhi.

Nyote mpitao njia kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa mwaijua Mikumi. Mtu akifika mjini pale, akaiacha njia kuu na kushika mkono wa kushoto kuelekea Kidodi, Kidatu na Ifakara, ataona upande wake wa kulia, yaani magharibi, milima iliyopangana mmoja nyuma ya mwingine. Hiyo ndiyo milima ya Vidunda, nchi ya Wavidunda, katika wilaya ya Kilosa. Upande wa kusini Mto Ruaha Mkuu wapita kati yake na milima ya Udzungwa, kisha washuka hadi Kidatu, ambako maji yake yalianza kutoa umeme mwaka 1975. Wataalamu huihesabu milima ya sehemu hizi katika Tao la Mashariki, lianzialo Taita katika nchi ya Kenya, likapita Upare, Usambara, Unguu, Ukaguru, Uluguru na Rubeho, hata likaishia Udzungwa.

Basi mtu atakaye kuipiga picha milima hii na afahamu mambo manne.

La kwanza ni saa. Asimamaye Kidodi ana milima magharibi yake. Asubuhi, tangu saa moja hata saa tatu, jua humpiga mgongoni na kuiangaza milima usoni. Kila bonde hupata kivuli chake na kila mgongo wa mlima hupata nuru yake. Saa sita mwanga hutoka juu, vivuli hutoweka, na mlima huonekana kama ukuta uliopakwa chokaa. Alasiri jua huingia nyuma ya milima, na uso wake wote huwa mweusi. Picha ya alasiri yaweza kupendeza kwa umbo la vilele, lakini haitakuambia kama mlimani kuna msitu au hakuna.

La pili ni majira. Wengi hungoja kiangazi wakidhani ya kuwa mbingu isiyo na mvua ndiyo mbingu safi. Hasha! Mwezi wa Agosti na wa Septemba hewa ya nchi ile hujaa vumbi na moshi wa majani yachomwayo na wa mashamba ya miwa, hata safu ya nyuma isionekane kabisa. Wakati bora ni asubuhi baada ya mvua kubwa ya usiku. Mvua huosha hewa, na mtu aweza kuhesabu migongo ya milima: wa mbele ni wa kijani, wa pili ni wa samawati, wa tatu ni mwepesi kama moshi. Wenye kutumia filamu ya nyeusi na nyeupe hufunika lenzi kwa kioo cha rangi ya manjano, ili ule usamawati wa mbali upungue na mawingu yapate kuonekana. Mwenye simu ya mkononi hana kioo hicho. Dawa yake ni kuamka mapema.

La tatu ni kipimo. Mlima ulioujaza moyo wako hofu, ukiutia katika picha huwa mdogo kama kichuguu. Sababu ni kwamba jicho lina miguu na kifua vilivyochoka kwa kupanda, navyo hulikumbusha ukubwa wa mlima. Karatasi haina miguu. Kwa hiyo tia katika picha kitu ambacho kila mtu ajua kimo chake: nyumba, mwembe, au mtu aliyejitwika kuni. Lakini ukimtia mtu, kwanza mwamkie, umwombe ruhusa, na ukimwahidi nakala umpelekee.

La nne ni mahali pa kusimama. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Katika picha milima hukutana. Ukisimama uwandani ukatazama kusini-magharibi, Vidunda na Udzungwa huonekana kama safu moja, na lile bonde la Ruaha lililo kati yao hulioni. Asiyepajua mahali pale ataapa ya kuwa hapana mto. Picha haikusema uongo kwa neno lo lote. Lakini aliyeitazama amedanganyika.

Hapa, mabwana na mabibi, ndipo mchezo unapogeuka kuwa kazi, maana picha ya mlima ni shahidi. Nitatoa mifano mitatu.

Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walipanda Kilimanjaro wakapiga picha kutoka mahali walipopapima kwa uangalifu, na kwa picha hizo ikatengenezwa ramani ya mlima. Wataalamu wa siku zetu walipolinganisha ramani ile na picha zilizopigwa kutoka angani, waliona ya kuwa barafu iliyokuwa kama kilomita za mraba 12 mwaka 1912 ilibaki chini ya 2 mwaka 2007. Wazee wa Uchagani walikwisha kusema ya kuwa weupe wa mlima wapungua; picha za kale ndizo zilizowapa wapimaji hesabu yake.

Mfano wa pili na wa tatu ni wa majirani wa Vidunda, ng'ambo ya Ruaha. Mwaka 2005 wataalamu walipoutangazia ulimwengu habari ya kima aitwaye kipunji, akaaye misitu ya Rungwe na ya Ndundulu huko Udzungwa, hawakuwa na ngozi wala mfupa wake. Ushahidi waliouweka mbele ya wenzao ulikuwa picha. Na mwaka ule ule, katika msitu wa Ndundulu, kamera iliyotegwa ilimnasa sange mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko sange wote waliokuwa wakijulikana, naye akapewa jina lake la kitaalamu mwaka 2008. Mnyama ambaye vitabu havikumtaja alithibitishwa na picha.

Ikiwa picha ina nguvu ya kuthibitisha kilichopo, basi yaweza pia kukifanya kilichopo kiwe kama hakipo. Hili nalijua kwa kuwa nimelitenda mwenyewe, na ndiyo sababu hasa ya kusimama hapa.

Zamani za ujana wangu kazini nilitumwa na ofisi niliyokuwa nikiitumikia kupiga picha milima ya Vidunda kwa ajili ya taarifa ya mwaka. Nilikwenda mapema, hewa ilikuwa safi baada ya mvua, na nuru ilikuwa njema. Lakini katikati ya mteremko mmoja palikuwa na kovu jekundu: miti ilikwisha kukatwa, udongo ulikuwa umeporomoka, na korongo lilikuwa limepasua mashamba ya watu. Niliona ya kuwa kovu lile laharibu uzuri wa picha. Nikaisogeza kamera kama hatua kumi, hata mwembe ulio kando ya njia ukalifunika. Nikapiga. Picha ilikuwa nzuri mno. Ofisini walinisifu, ikatiwa katika taarifa, na nyingine kubwa ikatundikwa ukutani.

Mwaka uliofuata, karibu na masika, watu watatu walishuka kutoka mlimani kuomba msaada wa kuzuia udongo. Mmoja wao alikuwa bibi mtu mzima. Mkubwa wa zamu aliwasikiliza kwa adabu, kisha akawaonyesha ile picha ukutani. "Tazameni," akasema, "mteremko wenu huu hapa, nao una miti. Tutawatangulia wenye shida kubwa zaidi."

Yule bibi akaisogelea picha, akaitazama kwa kitambo. Mimi nilikuwa mezani pangu. Nilikuwa nimekwisha kumwamkia, "Shikamoo, bibi," naye aliniitikia, "Marahaba, mwanangu." Akanyosha kidole akasema, "Mwembe huu naufahamu, uko njiani. Shamba langu liko nyuma yake."

Hakunena kwa hasira. Wala hakujua ya kuwa aliyepiga picha ile ni mimi. Nami, Bwana Mwenyekiti, nilinyamaza. Waliondoka na majibu yale yale waliyopewa.

Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi nilimwendea mkubwa wangu nikamweleza yote, nikaomba ruhusa ya kurudi. Nilisimama mahali nilipoanza kusimama mara ya kwanza, kabla ya kuisogeza kamera, nikapiga picha ya pili. Kovu lilikuwa limepanuka. Niliipeleka pamoja na barua, na haki yao niwape: ofisi iliipokea, na bwana shamba alipelekwa kuwaonyesha watu namna ya kupima matuta ya kukinga maji. Lakini alifika baada ya mvua kuanza, na sehemu ya shamba la yule bibi ilikuwa imekwisha kwenda na maji. Hatua kumi zangu ndizo zilizokula ule mwaka mmoja.

Ndugu zangu, sisi watumishi wa serikali twaishi kwa makaratasi. Wakubwa wetu huamua mambo ya mahali wasipopaona, kwa kutegemea tuliyoyaandika na tuliyoyapiga picha sisi. Mwenye kuandika taarifa huona aibu kutia neno la uongo, lakini huona si kitu kuchagua upande mzuri wa kupigia picha. Mambo hayo mawili ni mamoja.

Sisemi ya kuwa tusipige picha za uzuri. Milima ya Vidunda asubuhi baada ya mvua ni neema ya Mungu, na mtu asiyeipiga kwa sababu ya uzuri wake amejinyima. Nasema tu ya kuwa mwenye kupiga kwa ajili ya uzuri na aseme hivyo, na mwenye kupiga kwa ajili ya ushahidi asiuondoe mwembe wala asijifiche nyuma yake.

Namaliza kwa ombi moja kwa Chama. Wanachama wetu wamewekwa kazini katika wilaya nyingi, na wengi waona mlima, mto au msitu kutoka mlango wa nyumba zao. Kila mmoja na achague mahali pamoja pa kusimama, penye alama isiyoondoka, kama jiwe au nguzo ya daraja. Kila mwaka, katika mwezi ule ule na saa ile ile, apige picha moja akiuelekea upande ule ule. Nyuma ya picha aandike mahali, tarehe, saa na upande aliouelekea. Akihamishwa, amwonyeshe atakayeshika nafasi yake mahali pale. Picha hizo zikusanywe katika kitabu kimoja cha Chama. Gharama yake ni ndogo, na baada ya miaka ishirini hapana mtu atakayeweza kumwambia bibi wa watu ya kuwa shamba lake li salama kwa sababu picha yasema hivyo.

Mimi nimekwisha kuanza. Mahali pangu ni pale pale Kidodi, hatua kumi kutoka kwenye mwembe.