KUHAMAHAMA KAZI NA AMANA YA MUDA
(Mawaidha yaliyotolewa Busisi, Sengerema)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, malalamiko ya mialoni kwetu yana pande mbili. Tajiri mwenye mtumbwi husema vijana hawana uaminifu: huchukua fedha ya kutangulia, huvua giza moja, na mbalamwezi ikiingia, mitumbwi ya dagaa inapopumzika, wamekwisha hamia kwa tajiri mwingine. Vijana nao husema tajiri hukata mafuta, hukata chakula, hukata deni, na hesabu yenyewe hawaonyeshwi. Na tangu Daraja la John Pombe Magufuli lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, anayetaka kuondoka hangoji hata kivuko cha kwenda Kigongo.

Je, kuhama kazi ni khiyana? Turejee Surat al-Qasas, aya ya 26 hadi ya 28. Binti wa yule mzee wa Madyan alipopendekeza Nabii Musa (a.s.) aajiriwe, alitaja sifa mbili, nguvu na uaminifu. Sisi wahubiri aghlabu huishia hapo, tukawakaripia waajiriwa peke yao. Lakini aya inayofuata inamhusu mwajiri. Mzee yule alitaja muda: miaka minane, na Musa akitimiza kumi, hiyo itakuwa hisani yake. Akaahidi pia kwamba hatamtaabisha. Naye Musa akaweka sharti kuwa muda wowote atakaoutimiza kati ya hiyo miwili, asidhulumiwe. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba alitimiza ule mrefu.

Basi wajibu ulikuwa miaka minane. Miwili ya ziada ilikuwa hisani, na hisani haidaiwi. Kijana aliyepokea fedha kwa giza tatu akaondoka baada ya moja, deni liko shingoni mwake popote aendako. Ama aliyemaliza muda wake, akalipa alichokopa na kuaga, huyo hakumsaliti mtu, hata akihama kila mwaka. Na tajiri asiyetaja muda wala mgawo, akategemea deni ndilo limzuie mvuvi, anadai uaminifu kwa lipi? Katika Hadith Qudsi aliyoipokea Bukhari, aliyeajiri mtu, akafanyiwa kazi kamili kisha asimlipe ujira, ni miongoni mwa watatu ambao Allah atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inazifunga pande zote mbili. Baada ya mwezi wa kwanza, notisi ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki.

Nami sijitoi. Niliporejea kutoka masomoni, niliacha madrasa moja katikati ya mwaka kwa kuwa posho yangu ilicheleweshwa kwa miezi. Haki ya kudai nilikuwa nayo. Lakini niliondoka bila kuaga, na watoto waliokuwa wamefika Surat Yaasin wakakaa bila mwalimu. Kamati ilikosea, nami nilikosea. Wazazi wale niliwaendea baadaye kuwaomba radhi.

Mbalamwezi ijayo, kabla mitumbwi haijarudi majini, tajiri na wavuvi wake wakae waandike: giza ngapi, mgawo upi, fedha kiasi gani imetangulia, na mashahidi wawili. Asiyejua kuandika aje madrasa baada ya Alasiri. Tutamwandikia bila malipo.

Wabillahi tawfiiq.