Jina la Yohana: Asili Yake, Maana Yake na Vina Vyake

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jina moja tu, nalo ni Yohana. Yamkini mmoja wenu atasema, “Jina ni jina, la nini kulipigia soga?” Basi kwanza tutawaeleza jambo lililotufanya tulichunguze.

Mwaka mmoja tulifuatana na wanafunzi wetu wa ualimu kwenda katika shule ya kijiji, wajizoeze kufundisha. Kila asubuhi majina yaliposomwa katika daftari, likifika la Yohana, watoto wa madawati ya nyuma walicheka chini chini. Tulipouliza sababu, wote walinyamaza kimya. Baadaye tuliambiwa ya kuwa mtoto mmoja, naye jina lake Yahaya, alikuwa amegundua kwamba mwisho wa jina hilo pana neno “hana.” Tangu siku hiyo, Yohana akipita njiani, wenzake humwimbia, “Yo-hana! Hana kalamu! Hana shati! Hana ng'ombe!” Na kwa kuwa ni kweli baba yake alikuwa hana ng'ombe, dhihaka ile ilimchoma sana.

Jioni moja mtoto huyo alitujia, akasimama mlangoni, akauliza kama cheti cha ubatizo chaweza kuandikwa upya. Alitaka jina jingine lo lote, mradi lisiwe na “hana.” Kisha akasema, “Tena, mwalimu, jina lenyewe si letu. Ni la Wazungu.”

Hatukuwa na jibu la kumtosha jioni ile. Tulimwambia arudi keshokutwa, tukaenda kufungua vitabu.

Tuanze na hilo neno lake la mwisho. Jina hili si la Wazungu. Ni la Kiebrania, lugha ya Wayahudi wa kale, na kwao lilikuwa Yohanan. Sehemu ya kwanza, “Yo,” ni kifupi cha jina la Mungu. Sehemu ya pili ni tendo lenye maana ya kufadhili, au kutenda kwa neema. Kwa hiyo maana ya jina zima ni kwamba Mungu amefadhili, Mungu ameneemesha.

Lilipopita kwa Wayunani lilipoteza sauti ya h katikati, kwa kuwa Wayunani hawana herufi ya kuiandikia mahali hapo. Wao walisema Ioannes. Kutoka kwao likaenea katika Ulaya, na kila taifa likalikata kwa kisu chake. Wafaransa husema Jean, Wahispania Juan, Waitalia Giovanni, Warusi Ivan, na Wajerumani wana Johannes, Johann na hata Hans. Waingereza huandika John. Wameiweka h ndani yake, lakini hawaitamki. Sasa msikilize Mswahili anavyosema: Yo-ha-na. H yetu yasikika wazi. Basi mtoto wa kijijini aitwaye Yohana ana jina lililo karibu na lile la kale kuliko la Mwingereza aitwaye John.

Wala katika Afrika jina hili halikungoja meli za wamisionari wa siku hizi. Wahabeshi walipokea Ukristo katika karne ya nne, na kwao hutamkwa Yohannes. Mfalme wao Yohannes wa Nne alitawala tangu mwaka 1872 hata alipouawa vitani huko Metemma mwaka 1889. Hata sikukuu yao ya mwaka mpya, iangukayo mwezi wa Septemba, huitwa pia kwa jina la Yohana Mtakatifu. Kweli, hapa pwani yetu wamisionari nao walikuja nalo. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kutuachia kamusi kubwa ya Kiswahili iliyopigwa chapa mwaka 1882, jina lake la kwanza lilikuwa Johann. Na mwenzake Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, alikuwa Johannes. Lakini mtu aletaye barua siye aliyeiandika.

Sasa tuje kwa Yahaya, yule aliyeanzisha wimbo. Jina lake huandikwa Yahya kwa Kiarabu, nasi Waswahili hulitamka Yahaya. Msomaji wa Injili ya Luka anajua habari za mzee Zakaria na mkewe Elisabeti, waliopata mwana katika uzee wao. Msomaji wa Kurani anazijua habari hizo hizo katika Sura ya Mariamu. Katika Injili mwana huyo ni Yohana. Katika Kurani ni Yahya. Ni mtu mmoja, mwana wa baba mmoja.

Tena katika habari hizo liko jambo ambalo wazee wetu wangelifahamu mara moja. Injili yasema ya kuwa siku ya kumpa mtoto jina, jamaa walitaka aitwe Zakaria kama baba yake. Mama akakataa, akasema ataitwa Yohana. Jamaa wakashangaa, wakamwambia kwamba hakuna mtu katika ukoo wao aliye na jina hilo. Baba alikuwa bubu wakati ule. Akaomba kibao, akaandika kwamba jina la mtoto ni Yohana. Nayo Kurani yasema ya kuwa kabla yake hapakuwa na mtu aliyepewa jina hilo. Ni nani kwetu asiyewajua jamaa wa namna hii? Kwa Wakikuyu, mathalan, mtoto mwanamume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na mama atakaye jina geni ana kazi kubwa ya kujieleza. Sisi wenyewe tumepata kuketi katika baraza la jina lililoanza alasiri na kumalizika taa zimekwisha kuwashwa.

Kwa sikio la Mwarabu, Yahya lafanana na neno lenye maana ya “ataishi,” na wako wafasiri walioshika maana hiyo. Lakini ile maana ya Kiebrania nayo haikupotea, kwa kuwa katika Sura hiyo hiyo Yahya asifiwa kwamba amepewa “hanani,” yaani upole na huruma itokayo kwa Mwenyezi Mungu; nalo ni neno la shina lile lile moja na Kiebrania.

Na sasa hilo “hana” lililoleta machozi. Katika Biblia mama yake nabii Samweli aitwa Hana, na jina lake latoka katika shina hilo la neema. Ana ni jina lile lile lililopungua h. Kwa hiyo katika Yohana, ile sehemu iliyochekwa ndiyo hasa sehemu ya kufadhiliwa. Mtoto aliposikia hayo alitabasamu kidogo, lakini twakiri ya kuwa hakutulia. Akasema, “Wenzangu hawajui Kiebrania, mwalimu. Wao wanajua wimbo.”

Alisema kweli. Wimbo hujibiwa kwa wimbo, nasi tukageukia vina.

Kina katika ushairi wa Kiswahili ni silabi ya mwisho tu. Waingereza huanza mbele zaidi, kwenye silabi ile inayokazwa. Kwa sheria yao Yohana lingelingana na bwana, jana na mchana, lakini si na ona wala nena. Kwetu yote hayo ni ndugu, maana yote yaishia kwa “na.” Mshairi wa Kiswahili mwenye jina hili mkononi ni tajiri. Naye Yahaya ana kina cha “ya,” ambacho ni chembamba zaidi: haya, kaya, aya, hidaya, hekaya. Tulipoyapima majina yote mawili tuliona kila moja lina mizani tatu. Basi tukaketi na darasa zima, Yahaya akiwamo, tukaweka Yohana penye kina cha kati na Yahaya penye kina cha mwisho, mizani nane kwa nane. Ubeti ukatoka hivi:

Jina lako ni Yohana, usilionee haya,
Ni neema ya Rabana, kwa wazazi ni hidaya,
Jirani tunayemwona, ndiye wajina Yahaya,
Anayekwambia hana, neno lake ni hekaya.

Neno “wajina,” kwa walio bara wasiolizoea, ni mtu mwenye jina moja nawe. Wengine husema somo. Darasa liliuimba ubeti huo hata kengele ikalia. Yahaya alikuja mbele, akalalamika ya kuwa mstari wa nne wamsema yeye, akaomba ubadilishwe. Tulimwambia amwombe wajina wake. Yohana akafikiri, akahesabu mizani kwa vidole, akasema mstari umetimia na haupunguzwi.