Mwaka 1306 Una Siku Ngapi?



Naomba tuanze na barua. Tuseme imeandikwa kwa hati ya Kiarabu, mahali fulani baina ya Pangani na Kilwa, na mwandishi ametia tarehe: mosi Muharramu, au Mfunguo Nne kama pwani ilivyozoea kuhesabu, mwaka 1306 wa Hijra. Ni Septemba 1888, pwani inainuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Katika mwezi kama huo siku moja ni kubwa. Yaweza kutenganisha onyo lililotangulia mapigano na habari iliyoyafuata.

Sasa tuiulize kompyuta: ilikuwa siku gani?

Kalenda ya Hijra ya wanafalaki huenda kwa mzunguko wa miaka 30. Miaka 19 ina siku 354. 11 ni mirefu, ina siku 355, na siku ya ziada hutiwa mwishoni mwa Mfunguo Tatu. Jumla ni siku 10,631 kwa miezi 360, hesabu iliyokaribia mno mwendo wa mwezi wenyewe, nayo ilifikiwa karne nyingi kabla ya mashine zetu. Programu huutambua mwaka mrefu kwa mstari mmoja:

(11 × mwaka + 14) % 30 < 11

Alama ya % huleta baki ya kugawanya. Tia 1305, baki ni 29: mfupi. Tia 1306, baki ni 10: mrefu. Tukihesabu tangu Ijumaa, 16 Julai 622, barua yetu ni ya Ijumaa, 7 Septemba.

Lakini wako wanafalaki walioufanya mrefu mwaka wa 15 wa mzunguko, wakauacha wa 16. Katika programu, 14 inageuka 15, basi. Baki ya 1305 inakuwa 0, ya 1306 inakuwa 11, na barua inahamia Jumamosi, 8 Septemba. Kila tarehe ya 1306 inasogea nayo hadi mwaka uishe.

Linaloniuma ni kwamba namba hiyo, 14 au 15, hufichwa ndani ya programu kana kwamba ni hesabu tupu, ilhali ni uamuzi wa watu. Nawasihi wanafunzi wangu waiweke wazi, mtafiti aichague mwenyewe.

Tena mwandishi wetu hakufuata 14 wala 15. Alingoja mwezi uandame, na wingu likitanda alikamilisha siku 30. Kwa hiyo shahidi bora ni siku ya wiki, kama ameitaja. Programu ianzie hapo, ipime tarehe iliyopatikana pamoja na jirani zake, na ikumbuke kwamba siku ya mwandishi ilianza jua lilipotua. Akiwa ameandika “Jumamosi”, tutafute kati ya machweo ya tarehe 7 Septemba na machweo ya tarehe 8.