Kompyuta Ikikataa Kuwaka Baada ya Kuongezwa Memori: Tusikimbilie Kufuta

(Mazungumzo na wanavikundi wa Iftin, Garissa)



Leo tunazungumza juu ya kompyuta ya kikundi. Najua wengine watasema hilo ni jambo la vijana. Hapana. Siku hizi ndani ya kile kisanduku mna michango ya kila wiki, mna zamu za ayuuto, mna majina ya waliokopa na waliorudisha. Kisanduku kikinyamaza, kikundi kizima kinashikwa na wasiwasi. Basi ni jambo letu sote.

KWA NINI TUNAONGEZA MEMORI

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za mitumba tulizo nazo hazikubaliwi na Windows 11. Njia moja ya kuzifanya ziendelee kufanya kazi ni kuziwekea Linux, mfumo unaopatikana bure. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi mjini Helsinki. Aina yake moja inayojulikana sana ni Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo, ukilisikiliza vizuri, ni ndugu ya neno letu utu.

Lakini Ubuntu ya siku hizi inataka memori ya GB 4 au zaidi. Mashine yenye GB 2 inajikokota kama ng'ombe wa kiangazi. Basi kikundi kinachanga, memori inanunuliwa, inawekwa jioni. Asubuhi mashine haiwaki. Hapo ndipo taabu inapoanza.

MEMORI SI KABATI

Tuelewane kwanza. Memori ni meza, diski ni kabati. Mezani unafungua daftari, unaandika, unajumlisha. Umeme ukizimika, meza yote inafagiliwa. Kabatini ndimo daftari linamolala, umeme uwepo usiwepo. Kuongeza memori ni kununua meza kubwa zaidi. Sasa meza ikivunjika mguu, je, kabati limeungua? Hapana! Hesabu zenu bado zimo.

Nasema hivi kwa sababu kuna kikundi kimoja ninachokijua kilichofikwa na jambo hili. Memori iliongezwa, kesho yake kioo kikawa cheusi. Aliyeitwa kutengeneza akasema ni lazima kufuta kila kitu na kuweka Linux upya. Akafuta. Rekodi za miaka miwili zikaenda. Mashine ikawaka siku mbili, kisha ikagoma tena, maana ubovu ulikuwa kwenye memori, haukuwa kwenye Linux hata kidogo. Hapo minong'ono ikaanza: "Katibu amekula pesa, ndiyo sababu rekodi zimefutwa." Dada yule hakuwa amekula hata shilingi. Ilichukua miezi kukusanya risiti na kumsafisha jina, na wanachama wengine walikuwa wameshaondoka. Kompyuta inaweza kununuliwa nyingine. Jina la mtu na kuaminiana havinunuliwi.

ONA, AMUA, TENDA

Njia hii mnaijua kutoka Jumuiya Ndogo Ndogo. Papa Yohane wa XXIII aliieleza mwaka 1961 katika waraka wake Mater et Magistra. Inafaa hata kwa kompyuta.

ONA. Kabla ya kugusa chochote, ulizeni: ni kitu gani kilibadilishwa mwisho? Kisha tazameni na kusikiliza.

(a) Kioo ni cheusi na mashine inalia pi-pi-pi. Mara nyingi mashine haiioni memori, au haielewani nayo. Hapa Linux haijafikiwa bado, kwa hiyo kuifuta hakusaidii kitu.

(b) Mashine inaandika kwamba haioni diski ya kuanzia. Huenda waya wa diski ulilegea mkono ulipoingia ndani. Au ile betri ndogo kama sarafu imekufa, na mipangilio ya mashine imerudi ya mwanzo. Dalili yake ni saa na tarehe kupotea.

(c) Linux inaanza, kisha inakwama, au inaandika "Kernel panic". Memori yaweza kuwa na kasoro.

AMUA. Kilichoongezwa mwisho ndicho kishukiwe kwanza. Rudisheni hali ya jana: memori mpya itoke, ya zamani irudi mahali pake. Mashine ikiwaka, mmeshajua ugonjwa uko upande gani, na hamjafuta hata herufi moja.

TENDA. Fuateni hatua hizi, moja moja, bila kuruka:

1. Zimeni mashine kabisa, si kuilaza tu. Chomoeni waya wa umeme. Kama ni laptopu yenye betri ya kutoka, itoeni. Bonyezeni kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Kabla ya kushika memori, gusa chuma cha kisanduku. Ule umeme wa mwilini unaorusha cheche ukivua nguo ya nailoni usiku unaweza kuua memori.

2. Linganisheni aina. Memori ya DDR4 haiingii penye DDR3, kwa maana pengo lake liko mahali tofauti. Isipoingia, usilazimishe. Angalieni pia mashine yenu inakubali GB ngapi. Si kila mashine inakubali kila kipimo.

3. Vumbi letu mnalijua. Lipanguseni kwa brashi laini, kavu. Ingizeni memori wima, mbonyeze pande zote mbili sawasawa mpaka vishikizo vilie "ta". Kwenye laptopu inaingia kwa mshazari, kisha inalazwa.

4. Kazeni waya za diski, zile zilizoguswa.

5. Washeni na kipande kimoja tu cha memori. Kisha kingine peke yake. Kisha kile kile katika nafasi nyingine. Hivyo mtajua kama ubovu ni wa memori au wa nafasi.

6. Mashine ikiwaka na memori ya zamani, msifurahi mkasahau. Kazi ya kwanza ni kunakili rekodi kwenye flashi mbili, zikae kwa watu wawili.

7. Memori mpya ipimwe kwa programu ya bure iitwayo Memtest86+. Mara nyingi imo katika orodha ya kuanzia ya Ubuntu. Orodha ikijificha, bonyezeni Shift au Esc mara mashine inapoanza kuwaka. Iacheni ipime usiku kucha. Ikionyesha kosa hata moja, memori irudishwe dukani pamoja na risiti. Ndiyo maana hatununui bila risiti.

8. Memori ikiwa nzima na Linux bado inakwama, katika orodha hiyo chagueni "Advanced options for Ubuntu", mjaribu kerneli ya zamani, yaani kiini cha mfumo kilichokuwa kikitumika awali. Ikishindikana, mtu mwenye flashi ya Ubuntu anaweza kuwasha mashine kwa flashi hiyo bila kugusa diski, akatoa rekodi zenu kwanza.

Onyo moja: msiandike hesabu kwenye mashine yenye memori mbovu, hata kama inawaka. Memori mbovu inaweza kugeuza tarakimu kimya kimya, na kosa hilo likahifadhiwa kabatini. Shilingi 500 ikigeuka, nani ataulizwa? Katibu.

KUFUTA NI UAMUZI WA MKUTANO

Wakati mwingine ni kweli kufuta kunahitajika. Lakini tuwekeane sharti: hakuna fundi, hakuna katibu, hakuna mwenyekiti atakayefuta diski ya kikundi peke yake. Wanachama wakae, waambiwe nakala ziko wapi, wakubaliane, na iandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Na daftari la mkono liendelee, hata kama kompyuta ni nzima. Akiba haiozi.

Iftin kwa Kisomali ni nuru. Basi hesabu zetu nazo zikae nuruni, kila mtu azione, asipatikane wa kusingiziwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kompyuta yetu ikikataa kuwaka kesho, rekodi zetu ziko wapi pengine?
2. Ni nani wawili watakaotunza nakala?
3. Tuna risiti za vifaa tulivyonunua?
4. Tumewahi kumshuku mtu kwa kosa la mashine? Tulimsafishaje?