Zulia la nguo kuukuu: maneno ya akina mama wa Nyakabiga

(Yalisomwa kwa niaba ya kikundi katika mkutano wa Siku ya Wakimbizi Duniani, Kakuma)



Kamati imetuomba tuseme kidogo juu ya mazulia yaliyotandikwa pale mbele. Tumeambiwa tusizidishe robo saa. Tutajaribu, ingawa tuko saba na kila mmoja ana lake la kusema.

Sisi tulikuwa majirani kabla ya kuwa majirani hapa. Kwa ndugu zetu wa Sudani Kusini, wa Somalia na wa Kongo ambao hawaujui mji wetu, Nyakabiga ni mtaa wa Bujumbura, unaopakana na Bwiza na Rohero, karibu na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi. Zamani ulikuwa komini peke yake, baadaye ukafanywa zoni ya komini ya Mukaza. Nyumba zake zimeshikana. Ua mmoja unaweza kuwa na familia tatu au nne, na chumba cha nyuma amepanga mwanafunzi. Kirundi, Kiswahili na Kifaransa vinakaa katika sentensi moja na hakuna anayeshangaa.

Watu wa namna hiyo wanavaa mitumba. Kwetu inaitwa caguwa, na neno hilo ni hili hili lenu la Kiswahili, chagua, kwa sababu mchuuzi hufungua robota, humwaga nguo chini, na mnunuzi huinama kuchagua. Nguo hizo zinatoka Ulaya na Marekani, nyingi zinapitia bandari ya Dar es Salaam. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wachuuzi walitawanyika, wengine Jabe, wengine Ruvumera kule Buyenzi, na nguo zikaendelea kumwagwa chini kama kawaida. Mwezi wa Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuelekea kuacha kuingiza mitumba ifikapo 2019. Rwanda ndiyo iliyoshika msimamo wa kupandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikaiondolea nguo zake nafuu ya kuingia sokoni kwake. Nchi nyingine zilirudi nyuma. Hatusemi nani alikuwa na haki. Tunachosema ni kwamba fulana iliyovaliwa na mtu wa Ubelgiji, kisha na kaka, kisha na mdogo wake, ikifika mikononi mwetu imekwisha kutembea vya kutosha, na bado ina kazi.

Sasa kazi yenyewe. Mtatuwia radhi tukikaa hapa kidogo, maana kuna watu wanafikiri ni kufunga matambara tu.

Kwanza ni kuchagua kitambaa. Fulana ya pamba ndiyo bora, kwa sababu ukiikata na kuivuta inajikunja yenyewe na kuficha ukingo, haitoi nyuzi. Kitenge kizuri pia kinafaa. Mama zetu walikuwa na vile vya COTEBU, kiwanda cha nguo cha Bujumbura, ambavyo hata vikififia havichaniki ovyo. Jinzi ni ngumu, inachosha mkono, lakini zulia lenye jinzi halitambai sakafuni. Shumizi na vitambaa vya kuteleza tunaviweka kando. Sweta ya sufu hatuitaki kabisa, nondo wataifuata. Kila nguo inachemshwa kwanza, hata ikionekana safi, na yenye rangi kali inaloweshwa peke yake mpaka iache kuchuja. Vifungo na zipu vinatolewa na kuwekwa kwenye kopo. Cherehani wa soko la hapa wanavinunua, na fedha hiyo ndiyo iliyotununulia mkasi wa pili.

Pili ni kukata. Fulana haikatwi vipande vipande. Unaanza kwenye pindo, unakwenda ukizunguka kama anayemenya chungwa bila kukata ganda, upana wa vidole viwili, mpaka ufike kwapani. Fulana moja ya mtu mzima inatoa utepe mmoja wa mita kumi hivi. Mikono na sehemu ya mabega inabaki kuwa vitambaa vya jikoni. Unapounganisha utepe na utepe usifunge fundo, maana fundo litamuumiza anayekanyaga. Toboa tundu dogo kwenye ncha ya kila mmoja, pitisha mmoja ndani ya mwingine, vuta taratibu.

Tatu ni kusuka, nyuzi tatu, kama nywele za mtoto. Hapo hatuna la kumfundisha mtu. Jueni tu kwamba mita tatu za utepe zinatoa kama mita mbili za msuko, na kwamba zulia la mlangoni, sentimita 60 kwa 90, linakula fulana kumi hadi kumi na tano. Wageni wakiuliza kwa nini bei iko vile, tunawaambia wahesabu fulana kwanza, kisha wahesabu siku.

Nne ni kushona, na hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Kwa zulia la duara refu kuna hesabu: ukitaka 60 kwa 90, toa 60 katika 90. Inabaki 30. Huo ndio urefu wa msuko wa kwanza wa katikati, kisha unageuka na kuuzunguka. Tunashona kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na uzi wa nailoni. Kwenye kona msuko wa nje una safari ndefu kuliko wa ndani, kwa hiyo usiuvute, ulegeze. Zulia likianza kuinuka kingo kama ungo, umevuta mno. Likifanya mawimbi, umelegeza mno. Na ushonee chini au mezani, kamwe si mapajani, kwa sababu zulia lililoshonewa mapajani linachukua umbo la mapaja.

Nyakabiga tulikuwa na namna nyingine, ya kuchomeka vipande vifupi kwenye gunia la mkonge au la juti lililokuwa na kahawa, mpaka uso wote ukawa na manyoya. Hapa tumeiacha. Magunia tunayoyapata Kakuma ni ya plastiki, nyuzi zake zinateleza, na jua la Turkana linayafanya yavunjike kama majani makavu kabla ya mwaka kwisha.

Mambo mengine hapa yalibadilika pia. Kule tulikuwa na sakafu ya saruji, hapa wengi wetu tuna udongo, na mchwa anakula pamba. Zulia lazima liinuliwe kila asubuhi na kupigwa nje. Kufua ni mara chache, maji yana foleni yake. Na jambo moja la kufurahisha: jirani yetu Mturkana, anayeshona vikapu vya majani ya mkoma, alitukuta tukizungusha msuko, akacheka sana. Akatuonyesha kikapu chake. Mzunguko ni ule ule, kila duru inashikwa na ile iliyotangulia. Akachukua shazia, akashona kona ikatulia kuliko zetu. Tangu siku hiyo kona ngumu tunampelekea yeye.

Tuje kwenye neno ambalo Kamati ilituomba hasa, yaani ni nguo za nani zinazokatwa.

Kiswahili kina neno kirago, mkeka wa kulalia, nasi kwa Kirundi tunasema ikirago. Mtu akihama husemwa amefunga virago. Lakini sisi tulipoondoka, wengine 2015, wengine 2016, hakuna aliyebeba mkeka wala zulia. Tulibeba nguo, nyingine tukiwa tumevaa tatu kwa pamoja. Baadhi zilikuwa zetu. Baadhi zilikuwa za watu ambao hawakuja.

Wengi hapa mnajua habari ya Desemba 2015. Alfajiri ya tarehe 11 kambi za jeshi zilishambuliwa mjini Bujumbura. Siku nzima risasi zililia, na kesho yake asubuhi, tarehe 12, miili ilikutwa barabarani katika mitaa kadhaa, Nyakabiga ukiwa mmojawapo. Wengi wao walikuwa vijana. Jeshi lilitangaza watu 87 waliouawa, likisema karibu wote walikuwa washambuliaji. Sisi tuliokaa katika nyua zile tuliwajua baadhi kwa majina na kwa mashati.

Sasa, kwetu Burundi, katika familia nyingi, mtu akifa kuna maombolezo na kuna siku ya kuyamaliza, inayoitwa kuganduka. Hapo ndugu hukutana, madeni ya marehemu husemwa, na vitu vyake hugawanywa, nguo zake zikiwemo. Kabla ya siku hiyo nguo zinakaa. Baada yake zina mwenyewe mwingine, na huyo anaweza kuzivaa, kuzitoa au kuzikata. Lakini asiyejulikana kama amekufa, unamgandukiaje? Hakuna kaburi, hakuna aliyeona. Nguo zinabaki hazina ruhusa.

Mwenzetu mmoja alifika hapa na shati la shule na suruali ya jinzi za mwanawe. Kijana alitoka nyumbani siku hizo za Desemba, hakurudi, wala hakuonekana miongoni mwa waliokutwa. Tulipoanza kikundi, mmoja wetu alimwambia kwa nia njema kabisa kwamba akizikata na kuzitia kwenye zulia atapumua kidogo. Yeye akauliza: akirudi, nani atamweleza kwamba mkasi ulishikwa na mama yake? Tulikaa kimya. Siku ile hakuna aliyesuka vizuri.

Tukafanya sheria, na ndiyo sheria pekee ya kikundi chetu. Nguo ya mtu ambaye habari yake haijulikani haikatwi, hata ikiwa imechanika, hata mwenye kuitunza akisema ikatwe kwa sababu ya shida ya siku moja. Kuna wanaotuambia tunamzuia mama asiomboleze. Sisi tunaona ni kinyume. Kumfanya mtu amzike mwanawe kwa mkasi, bila mtu yeyote kumwambia ukweli wa yaliyompata, ni kuwapunguzia kazi wale wanaopaswa kusema. Katika jambo hili hatubadiliki.

Nguo za waliozikwa na kugandukiwa ni habari nyingine. Mjane mmoja wa kikundi alikata koti la mumewe, la kijivu, akalitia katika duru moja ya zulia kubwa, kati ya nyekundu na kijani. Mwaka 2025 mgawo wa chakula ulipopunguzwa sana hapa Kakuma, alitokea mgeni akalitaka zulia lile lile. Tulimwonyesha mengine kumi. Hapana, lile. (Wageni wengine hutuuliza kama tunaweza kubadili rangi zifanane na viti vyao, na tunajibu kwamba rangi tunaletewa na waliovaa.) Bei ilikuwa nzuri na nyumbani kulikuwa na wajukuu wanne. Mwenzetu hakukataa wala hakukubali, aliomba wiki moja. Akafumua zulia kutoka nje kwenda ndani, duru baada ya duru, mpaka akalifikia lile koti. Akalitoa, akatia msuko mweusi mahali pake, akashona upya. Ilikuwa kazi ya siku tatu. Mgeni hakuona tofauti, au hakusema. Msuko wa kijivu umezungushwa kama kamba na uko chini ya mto wa kitanda chake. Unga ulinunuliwa.

Mazulia yaliyoko pale mbele leo mnaweza kuyashika na kuyakanyaga, yametengenezwa yakanyagwe. Lile lenye pindo la bluu si la kuuza, msimsumbue mwenyewe kwa bei.

Tunakutana kila Jumanne na Alhamisi baada ya saa tisa, chini ya mti ulio nyuma ya ofisi ya bloku. Anayetaka kujifunza aje na fulana mbili zilizochemshwa, mkasi tunao. Vijana wa kiume pia mnakaribishwa. Mmoja wenu ameanza nasi na kona zake zimetulia kuliko za mama yake. Na kama una nguo za mtu ambaye hujui alipo, njoo nazo vilevile. Siku za Jumanne tunafunga kamba ya kuanikia kati ya ule mti na nguzo ya taa. Tunazikung'uta mchwa na vumbi, zinapigwa na jua saa moja, unazikunja, unarudi nazo nyumbani.