SAFARI YA MAPOROMOKO YA SANJE: TAYARISHA MWILI KABLA YA KUKATA TIKETI

Leo nazungumza nawe wa Majengo, wewe ambaye chama chenu kimechanga mwaka mzima na sasa mmeamua kwenda mbali kidogo. Si Shimba Hills, ambako mtu huvuka feri ya Likoni asubuhi, akayaona maporomoko ya Sheldrick na jioni yuko nyumbani. Mnataka Udzungwa, ng'ambo ya mpaka, kwenye maporomoko ya Sanje yanayoshuka mita 170 katikati ya msitu. Vizuri sana. Lakini kuna mambo ambayo ukingoja wiki ya safari yatakuwa yamekupita.

Kwanza elewa ni mahali gani. Udzungwa ni hifadhi ya taifa ya Tanzania tangu 1992, nayo ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Humo huendi kwa gari. Unatembea kwa miguu, pamoja na mwongozaji, na njia ya Sanje ni ya kupanda na kushuka kwa saa kadhaa. Kutoka Mombasa mpaka lango la Mang'ula, kwa kupitia Lungalunga, Tanga, Chalinze, Morogoro na Mikumi, hesabu siku mbili za barabara. Sasa jiulize: mara ya mwisho ulipanda mlima lini? Kisiwa chetu ni tambarare. Anza mwezi mmoja kabla. Tembea kwa haraka nusu saa kila siku, na ngazi za ghorofa zipande kwa miguu. Ikiwa kifua kinakubana au unahema kupita kiasi, mwone daktari kabla hujalipa nauli.

Sasa chanjo. Tanzania hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wasafiri wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya imo kwenye orodha hiyo. Cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hivyo ukichanjwa Ijumaa na kusafiri Jumatatu hujafanya kitu. Tangu Julai 2016, sindano moja inatosha maisha yote. Kama unayo kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10, usiitupe, bado ni halali. Uliza katika ofisi ya afya ya bandari au hospitali ya serikali mahali inapotolewa.

Najua, msikilizaji, kwamba kuna watu wanaouza kadi ya manjano bila sindano. Kadi hiyo itampita afisa wa mpakani, lakini mbu haulizi kadi. Homa ya manjano haina dawa ya kuiponya. Wauguzi humsaidia mgonjwa tu mwili wake upigane. Chanjo hii kwa kawaida hawapewi watoto walio chini ya miezi 9, na mama mjamzito, mtu aliyepita miaka 60 au mwenye kinga dhaifu lazima azungumze na daktari kwanza.

Nikae kidogo kwenye malaria, maana hapa ndipo watu wa mjini hujidanganya. Utasikia mtu akisema, "Mimi nimezaliwa Pwani, malaria siiogopi." Kinga hiyo hujengwa kwa kuumwa mara kwa mara, na hupungua ukiishi mahali ambapo ugonjwa ni haba. Kijana aliyekulia Majengo akilala chini ya feni hana kinga ya mtu wa Bonde la Kilombero. Na bonde hilo, lililo chini ya milima hiyo, lina mashamba ya mpunga, maji yaliyotuama na mbu wengi. Beba neti yako iliyotiwa dawa. Vaa mikono mirefu jua likizama. Buibui na kanzu zinasaidia, lakini vifundo vya miguu visiachwe wazi. Mwulize daktari kuhusu dawa ya kujikinga. Doksisaiklini, kwa mfano, huanzwa siku moja au mbili kabla, humezwa kila siku, na huendelea wiki 4 baada ya kurudi. Wengi huiacha siku wanayofika nyumbani, na hapo ndipo malaria huwapata. Haifai kwa wajawazito wala watoto wa chini ya miaka 8.

Mama mwenye mimba, nakuomba uiache safari hii mwaka huu. Malaria inaweza kukudhuru wewe na mtoto aliye tumboni, na njia ile inateleza.

Wenye kisukari wanaweza kwenda, lakini kwa mpango. Kupanda mlima hushusha sukari. Weka tende au peremende mfukoni mwako, si kwenye mkoba aliobeba mwenzio, na mwambie mtu mmoja dalili zako: jasho jembamba, kutetemeka, maneno kuchanganyika. Insulini usiiache kwenye buti la basi wala dirishani. Itie kwenye kopo lenye kifuniko, ulizungushie kitambaa kibichi. (Mifuko ya plastiki acheni nyumbani; Kenya iliipiga marufuku 2017, Tanzania 2019.) Viatu viwe vimezoea mguu. Kiatu kipya na mguu wenye kisukari ni kidonda kinachosubiri. Dawa za presha nazo beba za siku zaidi ya safari, kwani basi huharibika.

Wakati mzuri ni Juni hadi Oktoba, baada ya masika. Ikiwa Ramadhani itaangukia siku zenu, ahirisheni. Kupanda ule mlima bila maji ni hatari. Kila mtu abebe lita 3. Maji ya mto yachemsheni au yatieni dawa kabla ya kunywa.

Mkifika kwenye poromoko mtatamani kuogelea. Watoto wa Mombasa tunaijua bahari, lakini maji ya chumvi hukubeba zaidi kuliko maji ya mto. Mawe yana ukoga, na mvua ikinyesha juu mlimani mto hujaa ghafula ingawa kwenu jua linawaka. Mwongozaji akisema tokeni, tokeni. Mito ya polepole na majaruba ya mpunga huko bondeni msiyaingie kabisa, kwa sababu ya konokono wa kichocho. Jamaa zetu wa Kwale wanaujua ugonjwa huo.

Mtu akiumwa na nyoka, msikate, msinyonye, msifunge kamba, wala msiweke jiwe jeusi. Mlazeni, mguu au mkono usitikisike, mbebeni mpaka hospitali. Kabla hamjaondoka Mang'ula, ulizeni gari la dharura litatoka wapi. Hospitali kubwa ya eneo hilo, St. Francis, iko Ifakara, na bima ya nyumbani ulizeni kama inavuka mpaka.

Sasa mmerudi. Ukipata homa ndani ya miezi mitatu, usiende dukani kununua dawa, wala usikubali kuambiwa ni taifodi bila kipimo cha malaria. Mwambie daktari waziwazi, "Nilikuwa Kilombero." Kipimo kikikosa kitu na homa inaendelea, rudi upimwe tena kesho yake. Na kwa kuwa dengi nayo tunayo hapa kisiwani, usimeze aspirini wala ibuprofeni kabla hujapimwa, parasetamoli inatosha. Ukiona damu kwenye mkojo, hata miezi miwili baadaye, nenda upimwe kichocho. Dawa yake ipo, ni prazikwanteli.