Kizazi Kushuka Si Ugonjwa wa Wazungu

Leo tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo likitajwa mkutanoni watu hutazama chini: kizazi kushuka, na mkojo kutoka bila mtu kupenda. Tutalitaja waziwazi, mtuwie radhi.

Chini ya tumbo la mwanamke kuna misuli iliyotandazwa kama kitanda cha kamba. Juu yake kuna kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo. Kamba zikilegea, kitanda huzama. Mama anahisi kitu kizito kinateremka, ama akikohoa au kuinua mtungi mkojo unamponyoka.

Sasa kuna maneno tunayoyasikia, tena kwa watu waliosoma, kwamba hayo ni magonjwa ya Wazungu, eti mwanamke Mwafrika ameumbwa na nguvu. Hayakutoka hewani. Huko California, Marekani, wanawake wa rangi mbalimbali waliulizwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2006. Waliovuja mkojo kila wiki walikuwa 36 kwa 100 kati ya wenye asili ya Amerika ya Kilatini, Wazungu 30, weusi 25, na wenye asili ya Asia 19. Mwaka 2009 utafiti mwingine wa huko huko ulionyesha kwamba weusi wanaosumbuliwa na kizazi kushuka ni wachache kuliko Wazungu.

Lakini ngojeni kwanza. 25 kwa 100 si ni robo? Kikundi cha akina mama 20, hao ni watano! Tena wale walikuwa na bima ya matibabu. Twende Gambia, Afrika Magharibi. Huko wanawake wa vijijini walipimwa, hawakuulizwa tu, na matokeo ya 2002 yakawa kwamba 46 kwa 100 walikuwa na dalili ya kushuka. Wengine kidogo, wengine sana. Nao ni weusi pia. Kuzaa mara nyingi, kusukuma kwa muda mrefu, mizigo ya kuni na maji, hayo ndiyo yanayolegeza kamba. Na mama aliyezoea kuvumilia, ukimwuliza atakwambia hana neno.

Tufanye nini basi? Kaza ile misuli unayozuia nayo mkojo, hesabu hadi tano, legeza. Rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitatu. Hata ukichambua mboga unaweza, hakuna atakayejua. Kama kizazi kimeshuka sana, kuna kipete cha kukishikilia, na kuna upasuaji.

Lakini mkojo ukitiririka usiku na mchana baada ya uchungu mrefu wa kujifungua, hiyo huenda ni fistula. Mazoezi hayataiziba. Inashonwa hospitalini.

Akina baba, mama akitoka kujifungua, mtungi abebe mwingine.

Karibuni maswali. Anayetaka kuuliza faraghani, tutabaki hapa chini ya mti.